Namna ya Kuzisoma Picha za Noti ya Indonesia

Noti ya kwanza ya Indonesia niliyoinunua ilifika ndani ya mfuko mdogo wa plastiki ambao muuzaji alikuwa ameubandika kikaratasi chenye maneno "Mvuvi wa Bali, rupia 1,000". Niliamini, nikaiweka kwenye albamu, na kwa mwaka mzima nikawa nawaonyesha wageni mvuvi wangu wa Bali. Siku nilipoitoa ili niubadilishe mfuko wake uliochakaa, ndipo nilipoyaona maneno yaliyochapwa kwenye picha yenyewe: "Pulau Maitara dan Tidore", yaani Kisiwa cha Maitara na cha Tidore. Visiwa hivyo vipo Maluku ya Kaskazini, na kutoka huko hadi Bali ni zaidi ya kilomita 1,000 za bahari. Muuzaji alikosea, lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa langu, kwa kuwa jibu lilikuwa mbele ya macho yangu nami sikulisoma.

Mwongozo huu unafuata utaratibu nilioanza kuutumia baada ya aibu ile: maneno kwanza, kisha nembo, kisha sura, kisha vidole na mwanga, na mwisho upande wa nyuma, ambao kila mtu huukimbilia kwanza kwa sababu ndiko waliko wacheza ngoma na mandhari. Noti ya kujifunzia iwe ile nyekundu ya rupia 100,000 ya toleo la 2016. Ukiwa na ya toleo la 2022 hutapotea, kwa kuwa mashujaa, ngoma, mandhari na maua ya thamani zote saba ni yale yale. Kilichobadilika ni ukali wa rangi, mpangilio, baadhi ya alama za usalama, na ukubwa, ambapo noti ya 100,000 ina urefu wa milimita 151 na kila thamani inayofuata chini yake inapungua milimita 5. Kaa karibu na dirisha wakati wa mchana, uwe na lenzi ya kukuzia, na mikono iwe mikavu.

Anza na maneno

Tafuta kwanza jina la mtoaji wa noti. Juu ya noti ya 2016 utakuta "Negara Kesatuan Republik Indonesia", maana yake Dola ya Umoja ya Jamhuri ya Indonesia. Maneno hayo yaliwekwa kwa kufuata Sheria Namba 7 ya mwaka 2011 kuhusu sarafu, na noti ya kwanza kuyabeba ilikuwa ya rupia 100,000 iliyotolewa tarehe 17 Agosti 2014. Noti za zamani, kama yule mvuvi wangu, zina jina la "Bank Indonesia", yaani Benki Kuu, peke yake. Tofauti hiyo inafika hadi kwenye saini: katika noti za zamani walitia saini wakubwa wa Benki Kuu peke yao, ilhali katika noti mpya Gavana wa Benki Kuu anatia saini pamoja na Waziri wa Fedha. Kwa hiyo, hata kabla hujaitazama picha yoyote, jina na saini vimekwisha kukuambia kama noti ni ya kabla au ya baada ya sheria ile kuanza kufuatwa kwenye noti.

Kisha tafuta sentensi ndefu inayoanza na "Dengan Rahmat Tuhan Yang Maha Esa". Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. "Rahmat" ni ndugu wa rehema na rahma, na katika maneno "alat pembayaran yang sah", yaani chombo halali cha kufanyia malipo, "sah" inatoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa sahihi. Sentensi nzima inasema kwamba, kwa rehema za Mungu Mmoja, dola inatoa rupia kuwa fedha halali yenye thamani iliyotajwa. Jina la rupia nalo si geni pwani kwetu, kwani ni neno lile lile la asili ya Kihindi walilolitumia wazee wetu wa Zanzibar na wa Tanganyika ya enzi ya Wajerumani walipohesabu fedha zao.

Mambo mawili madogo humkwaza mgeni. La kwanza ni nukta: Waindonesia hutenganisha maelfu kwa nukta, hivyo "100.000" ni laki moja kamili wala si mia moja yenye desimali. La pili ni mwaka. Noti huwa na mwaka wa toleo, ulioandikwa "Tahun Emisi", na mwaka wa kuchapwa, na miaka hiyo miwili inaweza kupishana kwa muda mrefu. Katika noti za kabla ya 2014 mwaka wa kuchapwa hufuata herufi "IMP." pembeni mwa jina la mchapaji wa serikali. Anayeweka kumbukumbu za noti zake aandike yote miwili, la sivyo baada ya miaka michache hatajua noti zake mbili zinazofanana zinatofautiana kwa lipi.

Ndege na hesabu ya manyoya

Nembo ya taifa ni ndege aitwaye Garuda, ambaye katika simulizi za Kihindu ndiye kipando cha mungu Vishnu. Mtazame kwa lenzi, kwa kuwa mwili wake ni tarehe. Kila bawa lina manyoya 17, mkia una manyoya 8, chini ya ngao pana manyoya 19, na shingo ina manyoya 45: tarehe 17, mwezi wa 8, mwaka wa 1945, siku Soekarno na Hatta walipotangaza uhuru mjini Jakarta. Katika noti ndogo iliyochakaa hutaweza kuyahesabu yote, na hakuna haja ya kujisumbua. Inatosha kujua kwamba mchoraji hakuwa huru kuongeza wala kupunguza unyoya.

Kifuani pana ngao yenye alama tano za Pancasila, misingi mitano ya dola: nyota ya imani kwa Mungu Mmoja, mnyororo wa utu, mti wa jamii ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia kuwa alama ya umoja, kichwa cha fahali mwitu kwa utawala wa wananchi kwa mashauriano, na mpunga pamoja na pamba kwa haki ya kijamii, yaani chakula na mavazi kwa wote. Kucha za ndege zimeshika utepe wenye maneno "Bhinneka Tunggal Ika", ambayo ni Kijava cha kale kutoka katika utenzi wa Sutasoma ulioandikwa na Mpu Tantular katika karne ya 14. Maana yake ni kwamba wanatofautiana, na bado ni wamoja. Uyashike maneno hayo, kwa sababu upande wa nyuma hausomeki bila hayo.

Sura, na tahajia ya majina

Noti nyekundu ina sura mbili, Soekarno na Mohammad Hatta, rais wa kwanza na makamu wake. Kofia nyeusi aliyoivaa Soekarno huitwa peci, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifanya kuwa alama ya wapigania uhuru, kwa hiyo usiipite kana kwamba ni vazi la kawaida tu. Jina lake limeandikwa kwa tahajia ya zamani waliyoiacha Waholanzi, ambamo "oe" husomwa "u", "tj" husomwa kama "ch" yetu, na "dj" husomwa "j". Ukishazijua kanuni hizo tatu, Djuanda wa noti ya bluu ya 50,000 na Tjut Meutia wa noti ya 1,000 watatamkika vizuri.

Sheria ile ya 2011 inakataza kuweka picha ya mtu aliye hai kwenye rupia. Mkusanyaji anayeona noti ya 50,000 ya mwaka 1993 yenye sura ya Rais Soeharto anatabasamu huku akiwa bado madarakani ataelewa mara moja kwa nini sharti hilo lina maana kwao.

Sitazipitia sura zote, lakini mbili nisingependa zikupite. Ya kwanza ni ya Djuanda Kartawidjaja, waziri mkuu ambaye tarehe 13 Desemba 1957 serikali yake ilitangaza kwamba bahari iliyo kati ya visiwa vya Indonesia ni sehemu ya nchi, wala si maji ya wazi yanayovitenga visiwa hivyo. Kabla ya hapo, kila kisiwa kilikuwa na ukanda wake mwembamba wa bahari, na meli ya kigeni iliweza kupita katikati ya nchi bila kuingia nchini. Fikra hiyo ya dola ya visiwa ilikubaliwa baadaye katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Tutarudi kwake.

Ya pili ni ya Frans Kaisiepo, Mpapua wa noti ya zambarau ya 10,000, aliyehudhuria mkutano wa Malino, huko Sulawesi, mwaka 1946 na baadaye akawa gavana wa Papua. Noti yake ilipotoka Desemba 2016, baadhi ya watu mitandaoni waliikejeli sura yake kwa sababu ya rangi na nywele zake. Wakati huo huo wengine walilalamika kuwa Tjut Meutia, mpiganaji wa Aceh, amechorwa bila kilemba wala hijabu. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba picha ya noti husomwa na watu wenye haraka na wenye yao moyoni, na kwamba mara nyingi wanachokiona ni kile walichokuja nacho.

Tazama, papasa, mulika

Benki Kuu ya Indonesia inawafundisha wananchi kwa maneno matatu yanayoanza na herufi moja: "dilihat, diraba, diterawang", yaani itazamwe, ipapaswe, imulikwe. Nimeyafuata kwa mpangilio huo huo na sijaona ulio bora zaidi.

Katika kutazama, inamisha noti polepole mbele ya dirisha. Ngao ndogo yenye nembo ya benki hubadilika rangi, na katika pembe fulani herufi za "BI" hujitokeza mahali palipoonekana kuwa na mistari mitupu. Katika kupapasa, pitisha ukucha taratibu juu ya sura, juu ya Garuda na juu ya tarakimu za thamani: wino umeinuka na utausikia ukikwaruza. Pembezoni mwa noti kuna jozi za mistari iliyoinuka kwa ajili ya wasioona, na idadi ya jozi hutofautiana kwa kila thamani. Fumba macho uijaribu. Utagundua kwamba kidole kinahitaji mazoezi, hasa noti ikiwa imezunguka sana sokoni na wino wake umelala.

Katika kumulika, inua noti ielekee kwenye mwanga nawe utaona sura ya kivuli iliyo ndani ya karatasi yenyewe. Hapa wengi huingiwa na wasiwasi bure. Katika noti ya 100,000 ya 2016 kivuli hicho si Soekarno wala Hatta, bali ni W.R. Supratman, mtunzi wa wimbo wa taifa "Indonesia Raya". Na katika ile ya 50,000 aliyechapwa ni Djuanda lakini aliye ndani ya karatasi ni I Gusti Ngurah Rai, shujaa wa Bali. Mtu aliyezoea noti ambazo kivuli chake na picha yake ni mtu mmoja anaweza kuikataa noti halali kwa sababu hiyo tu. Ukiwa na taa ya urujuanimno utaona zaidi, kwani sehemu fulani za michoro hung'aa huku karatasi ikibaki na giza lake.

Ukiwa bado umeiinua noti, tafuta alama iliyozua zogo kubwa. Upande mmoja kuna vipande vya maumbo visivyo na maana, kama vigae vilivyovunjika, na upande wa pili kuna vipande vingine vya aina hiyo hiyo. Kila kimoja peke yake ni fumbo, lakini mwanga ukipita, vya mbele na vya nyuma hujazana na kuwa nembo kamili ya Benki Kuu, herufi B na I zilizofungamana. Mwanzoni mwa 2017 ulisambaa uvumi kwamba vipande hivyo ni nyundo na mundu, alama ya ukomunisti, jambo zito sana katika nchi ambayo chama cha kikomunisti kimepigwa marufuku tangu 1966. Benki Kuu ililazimika kueleza kwamba ni nembo yake iliyogawanywa pande mbili ili iwe vigumu kuighushi, kwa kuwa mwenye mashine duni hawezi kuzilinganisha pande zote mbili bila kupishana hata kidogo. Waliovumisha walikuwa wameitazama noti ikiwa mezani. Hawakuimulika.

Upande wa nyuma

Sasa igeuze. Kila noti ya toleo hili ina mcheza ngoma, mandhari na ua, na kosa la kwanza la msomaji ni kudhani kwamba vitatu hivyo vinatoka mahali pamoja. Katika noti nyekundu, mcheza ngoma ni wa Topeng Betawi, ngoma ya vinyago ya wenyeji wa Jakarta. Mandhari ni ya Raja Ampat, visiwa vya mawe ya chokaa vilivyoezekwa msitu huko Papua, upande mwingine kabisa wa nchi. Na ua ni okidi ya mwezi, ambayo tangu 1993 ni mojawapo ya maua matatu ya taifa. Mcheza ngoma huyo hajasimama mbele ya visiwa vile. Amewekwa hapo kwa makusudi, mtu wa magharibi juu ya bahari ya mashariki.

Ukiipanga seti nzima mezani utaona jambo hilo likirudiwa. Noti ya 1,000 ina Tjut Meutia wa Aceh, ncha ya magharibi, lakini nyuma yake ni Banda Neira, kisiwa cha kungumanga huko Maluku, ambako Waholanzi walimpeleka Hatta uhamishoni kuanzia 1936. Ya 10,000 ina Mpapua mbele, na nyuma ngoma ya Pakarena ya Sulawesi Kusini pamoja na bahari ya Wakatobi. Ya 50,000 ina ngoma ya Legong ya Bali mbele ya hifadhi ya Komodo, nchi ya kenge wakubwa. Ile ya 20,000 ni ya Kalimantan kwa nyuma, na ngoma ya Gong ya Wadayak imewekwa na visiwa vya Derawan, ila sura ya mbele ni ya Sam Ratulangi wa Sulawesi Kaskazini.

Hesabu mandhari zenyewe: Raja Ampat, Komodo, Derawan, Wakatobi na Banda Neira zote ni bahari na visiwa. Ni noti mbili tu kati ya saba zilizo na nchi kavu, yaani ya 5,000 yenye mlima Bromo na ya 2,000 yenye bonde la Sianok huko Sumatra Magharibi. Hapa ndipo ninapomrudia Djuanda. Kwa maoni yangu, yeye ndiye ufunguo wa seti nzima, kwa sababu maji yaliyochorwa nyuma ya noti hizi ni yale yale ambayo serikali yake iliyatangaza kuwa kiungo cha nchi, na anayeyaona kuwa picha za kuvutia watalii ameusoma nusu tu ya mchoro.

Utaratibu huu unasaidia pia katika noti ya kumbukumbu ya 75,000 iliyotolewa tarehe 17 Agosti 2020 kwa miaka 75 ya uhuru. Nyuma yake kuna watoto waliovaa mavazi ya asili ya sehemu mbalimbali, na mmoja wao alizua maneno mitandaoni kwa kudaiwa amevaa vazi la Kichina. Lilikuwa vazi la Watidung wa Kalimantan ya Kaskazini. Kwa hiyo, kabla ya kutaja jina la vazi au ngoma usiyoijua, tafuta picha za vazi hilo kutoka mkoa wenyewe, ulinganishe kola, vishikizo na kilemba.

Rudi kwenye noti ya zamani

Nilipomaliza kujifunza kwa noti nyekundu nilimrudia mvuvi wangu. Mbele yuko Kapitan Pattimura, ambaye jina lake hasa ni Thomas Matulessy, ameshika panga. Mwaka 1817 aliongoza uasi dhidi ya Waholanzi katika kisiwa cha Saparua, akaiteka ngome ya Duurstede, na Desemba ya mwaka huo huo akanyongwa mjini Ambon. Nyuma, mvuvi yuko kwenye chombo chake, na zaidi yake vipo visiwa viwili: kilicho chini na kidogo ni Maitara, na chenye mlima uliochongoka kama pia iliyopinduliwa ni Tidore, ambako volkeno ya Kie Matubu inafika mita 1,730. Picha hiyo inaonekana hivyo ukiwa umesimama kisiwani Ternate, na wageni wanaofika huko hadi leo huinua noti hiyo mbele ya macho wakijaribu kuulinganisha mlima wa karatasi na mlima wa kweli.

Pattimura na Tidore wote ni wa Maluku, kwa hiyo katika noti hii ya mwaka 2000 mbele na nyuma vinatoka pande zile zile, tofauti na mchanganyiko wa 2016. Tena ni nchi ya karafuu. Ternate, Tidore na visiwa vichache jirani ndiyo asili ya mkarafuu, ambao ulitolewa Maluku na Wafaransa katika karne ya 18, ukapita katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukapandwa Unguja na Pemba. Indonesia iliwahi kuichora karafuu yenyewe nyuma ya noti ya 20,000 ya mwaka 1992, na Zanzibar ilikwisha kuichora kwenye noti zake za rupia za mwaka 1908, zenye picha ya jahazi na ya wachumaji wa karafuu. Ukipata nafasi ya kuziona pamoja, hata kama ni picha zake tu, zilaze meza moja.

Kikaratasi cha muuzaji nilikibandua, gundi yake ikaacha alama kwenye plastiki. Kipya nilikiandika kwa utaratibu ninaoupendekeza kwa kila mwenye albamu: thamani, mwaka wa toleo na wa kuchapwa, jina la mtoaji kama lilivyoandikwa, waliotia saini, sura ya mbele, kivuli kilichomo ndani ya karatasi, kisha upande wa nyuma kwa maneno ya noti yenyewe. Jina la mvuvi halipo kwenye noti, na nafasi yake nimeiacha wazi.